Kichwa Tu, Daktari

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sababu niliiandika vibaya. Ilikuwa Jumatano, msimu wa kupalilia maharage, nami nilikuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja ya wilaya ya Ngara. Jina la zahanati sitalitaja. Kosa lilikuwa langu, na sioni sababu ya kulibandika kwenye jengo.

Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani na kuandika katika daftari jina la mgonjwa, kitongoji chake na kinachomsumbua, kisha kunakili maneno hayo hayo kwenye karatasi ambayo mgonjwa aliingia nayo kwa tabibu. Tabibu wetu alitoka mkoa wa mbali. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, lakini hakujua Kihangaza wala Kirundi hata neno la salamu. Alichokijua kuhusu mgonjwa asiyesema Kiswahili ni kile nilichokiandika mimi.

Mimi ni Mhangaza. Wewe uliyezaliwa huku huhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine: Mhangaza na Mrundi wakikutana njiani, kila mmoja akisema cha kwao, wanaelewana bila mkalimani. Kwa hiyo wale wakimbizi Warundi waliovuka mpaka miaka ya nyuma na kupata mashamba upande wa bondeni waliponieleza shida zao, niliwaelewa vizuri kabisa. Hata hivyo niliwajibu, "Hapa ni ofisi ya serikali. Sema Kiswahili."

Sababu yake ni ndogo na ya aibu. Wiki chache baada ya kuajiriwa, mtunza dawa alinisikia nikizungumza na mzee mmoja wa bondeni. Akapaza sauti mbele ya wagonjwa: "Alaa! Karani, kumbe na wewe ni wa ng'ambo? Tukutafutie hema?" Watu walicheka. Siku hiyo niliamua kwamba hakuna atakayenisikia tena nikisema lugha ya mama yangu nikiwa nimevaa shati la ofisi.

Jumatano hiyo alikuja Dafroza, mwanamke kijana wa bondeni, mwenye mimba kubwa. Alikuwa amevaa kandambili za mwanamume. Niliziona, wala sikujiuliza kwa nini. Akaanza kueleza kwa Kirundi kwamba kichwa kinamuuma siku ya tatu sasa, kwamba macho yake yanaona cheche mchana kweupe, kwamba miguu imevimba hata viatu vyake havimwingii. Nikamkatiza.

"Kiswahili, mama."

Alitafuta neno, akagusa paji la uso. "Kichwa," akasema.

Nikaandika: Kichwa.

Chumba cha tabibu hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Punde nikamsikia akiita, "Karani! Huyu mama anazungumza sana. Ana kingine zaidi ya kichwa?"

Alikuwa anazungumza sana kwa kuwa alikuwa anarudia yale yale: cheche, miguu, viatu. Niliyasikia yote kupitia pazia.

"Kichwa tu, daktari," nikajibu.

Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaondoka.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mama yangu mzazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi kwa ajili ya goti lake, na hakuna lililompita. Alifika dirishani, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya mkuu wa wilaya.

"Shikamoo, bwana karani."

Benchi zima likageuka kunitazama. Nikainama, nikamnong'oneza kwa Kihangaza: "Mama, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Sema Kiswahili," akajibu kwa sauti. "Hapa ni ofisi ya serikali. Mimi Kiswahili changu ni cha mnadani. Bei gani. Punguza. Mbuzi huyu mgonjwa. Chagua hapo la kuandika, unipatie dawa yake."

"Andika mbuzi!" akadakia bibi mmoja kutoka nyuma, na benchi likaangua kicheko.

Mama hakucheka. Aliegemea dirisha, akaniambia kwa lugha yetu, polepole: "Mama yako mkubwa, dada yangu, alisema maneno ya yule binti. Kichwa, cheche, miguu. Tulimzika na mtoto tumboni. Daktari hakusikia kwa kuwa hajui. Wewe hukusikia kwa sababu gani?"

Nikashika kalamu.

"Goti langu litasubiri," akasema. "Chukua baiskeli."

Hapa nataka kumbukumbu ikae sawa, kwa sababu mara nyingi nimewasikia wazee wenzangu wakisimulia makosa yao na kuyapunguza njiani. Sikuondoka papo hapo. Niliandika wagonjwa wawili zaidi, kwa mwandiko mzuri, ili watu wasiseme karani anaamrishwa na mama yake. Ndipo nikaingia kwa tabibu na kumweleza. Alisimama kabla sijamaliza. "Hizo ni dalili za kifafa cha mimba," akasema. "Mfuate huyo mama. Kimbia!"

Nilimkuta kwa baiskeli kabla ya daraja la kwenda bondeni, ameketi kando ya njia, mikono juu ya macho. Nikamwita kwa Kihangaza. Aligeuza uso kuifuata sauti, kwa maana hakuwa akiniona.

"Wewe nani?"

"Karani wa zahanati."

"Kumbe unajua," akasema. "Kumbe siku zote unajua."

Lori la mizigo lililopita lilimpeleka hospitali, baada ya kumpitia tabibu zahanatini akae pembeni yake, na kifafa kilimshika mara mbili njiani. Dafroza alipona. Mtoto wake, wa kiume, hakupona. Baadaye nilimuuliza tabibu kama ni wale wagonjwa wawili niliowaandika kwanza ndio waliotuchelewesha. Alisema haiwezekani kujua. Nimeishi na jibu hilo tangu wakati huo.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari langu na kulisoma kama mtu asiyenijua. Mbele ya jina la mwalimu mkuu niliona mstari mzima: anakohoa usiku, anatoka jasho, amepungua, baba yake aliwahi kuugua kifua. Mbele ya jina la mwenye duka, mistari miwili. Mbele ya watu wa bondeni: Tumbo. Homa. Kichwa. Kichwa. Na vibarua wa kwetu wenyewe, Wahangaza watupu ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kubabaisha, nao walipata neno moja moja. Aliyepata neno moja alipata dawa ya aina moja akarudishwa kwake. Kurasa kwa kurasa, mwanangu, bila kosa hata moja la tahajia.

Miezi michache kabla ya hapo ofisa mmoja alikuwa amekuja kukagua. Alipitia daftari hilo, akasema watu wa bondeni hawana maradhi ya maana, wanapenda tu vidonge vya bure. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikatikisa kichwa kumkubalia. Ushahidi aliousoma niliuandika mimi.

Daftari la serikali halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo sahihi, unatia saini. Nilirudi kwenye jina la Dafroza, nikapiga mstari, nikaandika: "Kichwa siku tatu, cheche machoni, miguu kuvimba. Mgonjwa alieleza yote. Karani hakuandika." Nikatia saini.

Dafroza bado analima, sasa yuko Kanazi. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. Alijifunza. Ninajua ni kwa nini alijifunza, wala sijivunii.

Nisingekusumbua na haya kama yangekuwa yamekwisha. Lakini mwezi uliopita nilimsindikiza mke wangu katika kituo kimoja upande wa Biharamulo, nikaketi kwenye benchi. Daftari limeondoka, kuna kompyuta. Bibi mmoja Msubi alikuwa akieleza kwa Kisubi habari za kifua chake, na kijana wa dirishani, bila kuinua macho, akamwambia, "Bibi, fupisha, mfumo unasubiri." Akabofya neno la kwanza, akamwita anayefuata. Anayefuata alikuwa bwana mwenye viatu vilivyong'arishwa, akaeleza kwa kirefu jinsi anavyokosa usingizi, na alisikilizwa hadi mwisho.

Nikainuka. Nilikuwa na hasira, na hadi sasa ninapoandika ninayo.

"Kijana, mrudie yule bibi."

"Shikamoo mzee. Kwani wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekaa hapo kabla yako."

Hakunielewa, lakini alimrudia. Kisubi hakukijua, lakini dada anayepiga deki ukumbini alikijua. Aliegemeza ufagio wa deki ukutani, akamsikiliza bibi, akatafsiri. Ikadhihirika kwamba bibi alikuwa anakohoa damu. Kwenye kompyuta ile kulikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada. Ilikuwa tupu.

Basi nasaha yangu ni hii. Watakwambia kwamba maskini na mhamiaji wanaugua zaidi na kufa mapema kwa sababu ya umbali, barabara na uhaba wa dawa. Ni kweli, na wenye mamlaka wadaiwe hayo bila kuonewa haya. Lakini sehemu nyingine ya tofauti hiyo inaanzia dirishani, na hiyo haingoji bajeti. Ukipewa kiti hicho, andika alichosema mtu, hata kama kinazidi subira yako. Asiyeeleweka, mtafutie mwenye kumwelewa, hata kama ni mpiga deki. Aliyevaa kandambili mpe mistari mingi kama aliyevaa viatu. Akisema kichwa, muulize, "Na kingine?" Na kama unaijua lugha yake, iseme kwa sauti, acha wanaocheka wacheke. Kicheko kile nilikiogopa mimi, na mtoto wa Dafroza akazikwa.

Mwenyezi Mungu akuzidishie umri, mwanangu. Siku utakapofika dirishani ukiwa mzee, maneno yamekupungua na miguu imevimba, akuwekee hapo mtu atakayekuuliza mara ya pili.