Maiti Kwanza, Sababu Baadaye

Juzi mjukuu wangu, mwanafunzi aliyepanga chumba Kahawa Wendani, aliniwekea filamu ya zamani kwenye kompyuta yake. "Shosh, hii ni ya time yako, utaienjoy," akasema, akanipa chai na mto wa kuegemea. Mtu alikuwa amelala sakafuni, amekufa, na sauti ya mwanamume ikaanza kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo. Nikamwambia azime. Alidhani macho yananiuma, nami nikamwacha adhani hivyo. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza ukweli.

Nililelewa na nyanya katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, miaka ile ya hali ya hatari. Wanaume wengi walikuwa wamebebwa na malori kupelekwa vizuizini, kwa hivyo laini zilikuwa za wanawake, watoto na wazee. Asubuhi ilinuka maganda ya kahawa yaliyooza, na mwezi wa Julai ukungu ulikuwa mzito hata unamsikia mtu akikohoa kabla hujamwona. Tulichuma pamoja, mimi nikipewa matawi ya chini, na mchana tulikula githeri baridi, mahindi na maharagwe, tukiwa tumesimama.

Furaha yetu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Kwa sababu ya kafyu hakuna aliyeruhusiwa kutoka jioni, basi madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa, na sinema ikaonyeshwa mchana. Ilitangulia picha ya kunawa mikono, na nyingine ya kuogesha ng'ombe. Kisha ikaja picha ya mpelelezi, maana mwenye shamba alizipenda hizo mwenyewe. Karani wa shamba ndiye aliyetutafsiria, amesimama kando ya shuka na fimbo yake, na Kiingereza kilipomshinda alijitungia.

Mara ya kwanza tulipoonyeshwa maiti kabla ya hadithi, ghala zima lilipiga kelele. "Umeweka mkia mbele! Geuza!" Karani akainua fimbo. "Nyamazeni. Hizi ni za wapelelezi. Maiti kwanza, sababu baadaye." Tukazoea. Tukazoea pia kwamba sababu ilikuwa mwanamke. Kila picha ilikuwa na wanawake wawili: mmoja alipika chai akangoja mwanamume arudi, mwingine alivaa vizuri, akamtazama mwanamume machoni, na kabla magunia hayajaondolewa madirishani alikuwa amefungwa au amepigwa risasi. Mwanamume ndiye aliyesimulia. Hata akiwa anakata roho alipewa nafasi ya kujieleza, lakini yule mwanamke hakusimulia kitu. Akina mama wa laini, ambao waume zao hawakuwapo na waliokula jasho lao wenyewe, walimsonya kuliko mtu yeyote. Nami nilisonya nao.

Jirani yetu wa mlango wa pili alivaa koti la mumewe, ambaye naye alikuwa amechukuliwa na lori. Lilimfika miguuni, na kwa baridi aliinua ukosi kama watu wa zile picha za mpelelezi, basi sisi watoto tukamwita wa sinema. Alikuwa mwema kwangu. Alfajiri alinitolea ngwaci, kiazi kitamu cha moto, mfukoni mwa lile koti, kikanipasha vidole kabla sijakila. Siku moja kwenye mizani nyapara alimwamuru aende akamfulie nguo nyumbani kwake. Jirani akamtazama machoni mbele ya watu wote. "Mikono unayo," akasema. "Jifulie." Watu walicheka, lakini tulipofika nyumbani nyanya alitikisa kichwa akasema mwanamke hajibu hivyo, na huyo ataona.

Wiki mbili baadaye nyapara alikutwa amekufa katika bwawa la kuoshea kahawa. Hakuna aliyejua kama aliteleza, alilewa au alisukumwa. Kufikia saa nne asubuhi laini nzima ilikuwa imeshapata sababu. "Lisemwalo lipo," nyanya akasema, "kama halipo laja."

Ofisa wa polisi alikuja, akawekewa meza nje ya ghala, karani akawa mkalimani wake. Niliitwa kwa kuwa nilipita bwawani kila asubuhi nikienda kuteka maji. Siku ile sikuwa nimeona kitu ila ukungu.

"Kairitu, wewe msichana, sema," karani akaniambia. "Ulimwona nani?"

Watu wazima wote walinigeukia wakinisubiri. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyewahi kunisubiri niseme.

"Nilimwona mama wa koti. Alikuwa amesimama pale kwa bwawa. Akaangalia nyuma mara moja, halafu akaenda bila haraka."

Karani alitafsiri. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko yangu, na nilimwona akionyesha kwa mikono ukosi uliosimama. Ofisa akaandika.

Walimtoa jirani kwenye meza za kuchagulia kahawa. Alipotaka kusema, karani akamwambia anyamaze, ofisa ameshasikia ya kutosha. Nilimwambia nyanya nimedanganya, naye akaniziba mdomo kwa kiganja. "Ukibadilisha sasa, watatuchukua sisi." Lori likaondoka naye, na miaka yote ya utoto wangu hakurudi.

Nilikuja kumpata nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye watoto wangu. Alikuwa akiishi Gatuanyaga, peke yake, kwenye kishamba chenye vumbi, na nilimkuta akipepeta maharagwe. Nilimweleza yote, kuanzia bwawani hadi kwenye lori, huku nikilia. Alipepeta mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni yako," akasema. "Nimeisikia. Yangu hujaniuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilitamani kusamehewa. Kwa jibu hilo sikuwa nimejiandaa. Nikasema basi la mwisho litaniacha, nitarudi Jumamosi.

"Haya. Rudi."

Sikurudi Jumamosi ile, wala iliyofuata. Niliona haya, na haya ikawa mazoea. Nilipokwenda hatimaye, nyumba ilikuwa na kufuli, na mtu wa shamba la karibu akaniambia walimzika wakati wa kupanda.

Ghala lilibomolewa, mikahawa ikang'olewa pakawa ploti za kukodisha, karani na nyanya walikwisha kwenda. Hayo siyalilii sana. Ninachokililia ni asubuhi moja ya ukungu ambayo mtu mmoja tu aliijua, alikokuwa na alichokuwa akifanya. Alikuwa tayari kuniambia, nami nikawahi basi.