Mbuzi Mgonjwa wa Mzungu

Sisi tuliokulia kwenye mkonge kati ya Ruiru na Thika tunatambuana kwa miguu. Ukiona mama mzee ana alama nyeusi nyeusi kwa muundi, usimwulize kama alipigana vita. Alitumwa kuni, akachomwa na miiba ya mkonge.

Siku hizo hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Tulisokota kamba ya kuruka kwa makapi yaliyotupwa nyuma ya kiwanda cha mkonge, na maji yake yakikushika unajikuna hadi Jumapili, kanisani, mbele ya watu. Harufu ya kiwanda ilikuwa kama ya ng'ombe aliyekula vibaya. Tuliizoea. Ilipokosekana ndipo watu wazima waliogopa.

Ilikosekana wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Mzungu mwenye kiwanda alifilisika, akafunga mashine, akapakia mbwa wake kwa gari akaenda. Kazi ya baba yangu ilikuwa kulisha ile mashine majani ya mkonge. Sasa hakuwa na cha kulisha mashine wala sisi.

Halafu nyapara akatuita, akapanda juu ya bunda la mkonge.

"Kuanzia leo kiwanda ni mali ya serikali!"

Mama yangu hakuwa na haya. Akauliza, "Serikali ni nani?"

Nyapara akafikiria kidogo. "Serikali ni sisi sote, mama."

Afadhali angenyamaza. Mama alichukua jembe akaenda moja kwa moja kwa ule udongo mweusi kando ya mto, chini ya kiwanda, mahali Mzungu alikuwa amekataza hata kuku. Akaanza kulima. Kabla ya jua kuwa kali, wamama wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa hapo. Tukapanda maharagwe. Jirani mmoja aliyejua kusoma gazeti akatangaza kwamba matajiri wamekwisha: serikali ikianza kuchukua viwanda vyao, jua hawana nguvu tena. Watu wakapiga makofi.

Baba peke yake hakupiga. Kwetu, mbuzi akidhoofika anapelekwa kwa rafiki mwenye majani mazuri. Akifa, rafiki analeta ngozi. Akipona, mwenyewe anamfuata, na aliyemlisha anapewa mwanambuzi.

"Huyu ni mbuzi mgonjwa tu," baba akasema. "Mmeona wapi mwenyewe akisahau mbuzi wake?"

"Basi nitalima nikimngojea," mama akamjibu.

Tukamlisha mbuzi. Posho ilipunguzwa mpaka kiwanda kipate nguvu. Jioni baba alikunywa uji mwepesi akasema ni mtamu, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Macho yetu yalikuwa kwa yale maharagwe. Mama alipalilia, sisi tukafukuza ndege. Polepole harufu ikarudi, mashine ikanguruma, mabunda yakaanza tena kwenda stesheni ya Thika. Maharagwe nayo yakatoa maua, yakafunga.

Asubuhi moja gari likarudi. Mbwa walikuwa ndani, wamenona. Nyapara akapanda juu ya bunda: kiwanda kimepona, kimerudi kwa mwenyewe, na kesho takataka zote kando ya mto zing'olewe.

Mama akamwuliza, "Si ulisema serikali ni sisi sote?"

"Nilisema, mama. Lakini tumeuza."

Mama hakulia. Alifunga leso kiunoni, akatuita, tukachuma maharagwe yote yakiwa mabichi, hata yale membamba kama kidole cha mtoto. Wamama wengine wakafuata. Alipoweka kikapu mbele ya baba, alisema, "Mwanambuzi wetu ni huyu. Ni mdogo, lakini hawatamng'oa." Tukala githeri ya kijani, mahindi na yale maharagwe mabichi, mpaka tukaichoka. Sijaonja nyingine kama hiyo.

Pale kando ya mto leo kuna maghorofa, na harufu ni ya chipsi. Juzi mjukuu wangu, ambaye amesoma na hajui kushika jembe, aliinua macho kutoka kwa simu. Alikuwa ameona kwamba serikali imechukua kiwanda fulani kilichoanguka.

"Cucu, mabepari wameisha, nakushow!"

Nikamwambia, "Vizuri. Lakini mtakaomlisha ni nyinyi, kwa hivyo ulizeni mapema mwanambuzi atakuwa wa nani."

Akanitazama. "Cucu, mwanambuzi gani?"

Wakati wetu, hata mtoto ambaye hajaota meno ya pili hangeuliza.