Mlango Ambao Haukuwepo Kwenye Filamu

Nilimwona mwanaume amekaa kwenye kiti changu, beji yenye jina langu inaning'inia shingoni mwake.

Mimi nilikuwa nyumbani, chini ya mablanketi mawili, namnyonyesha mtoto.

Sikuwa naota. Ufunguzi wa tamasha la filamu ulikuwa unarushwa moja kwa moja, kamera ikapita safu ya wahakiki. Jamaa akaigeuza beji haraka, kama mtu anayeficha nyama mdomoni.

"Baba watoto, njoo uone maajabu!"

Mume wangu akachungulia. "Si yule mwenzako Mtalii?"

Ndiye. Kazini tunamwita Mtalii kwa sababu sinema huingia, hupiga picha, hutoka.

Mimi ni mhakiki wa filamu. Nilijifunza darasa la jioni, nikitoka kuuza vitambaa miguu imevimba. Mwaka huu mhariri wetu alitangaza kwamba atakayeandika uhakiki bora wa tamasha atapewa safu yake ya kudumu.

Jamani, safu! Nilishaiota mpaka picha yangu pale juu.

Baridi ikaingia, mtoto akabanwa kifua. Daktari akasema safari hakuna.

"Pole, dada," mhariri akaniambia. "Tazama kwa linki walizotutumia."

Basi baridi yote ikaishia kwenye muvi. Nabembeleza mtoto kwa mguu, macho kwenye kompyuta, sauti nimeishusha mpaka waigizaji wananong'ona.

Filamu moja ikanishika roho. Mama anamsubiri mwanawe kituo cha basi. Mwisho anarudi nyumbani, anaufunga mlango taratibu. Basi. Nililia mpaka mtoto akanishangaa.

Jioni ile ile ya beji, Mtalii akapiga simu.

"Dada, usinielewe vibaya. Beji yangu imechelewa, nakuwakilisha tu. Halafu mtandao wa hoteli unasumbua, mhariri tuko naye hapa, hapati barua pepe. Nitumie uhakiki wako kwa simu, nimpe mkononi."

Nikatuma. Ni mwenzangu wa kazi, ningemdhania nini?

Kesho yake uhakiki ukatoka. Maneno yangu. Mlango wangu, aya nzima.

Jina lake.

Wasomaji wanammwagia sifa: "Huyu jamaa ana jicho!" Jicho la nani?

Alikuwa amefuta sentensi moja tu, ile ya kwanza niliyoandika kwamba nimetazama nakala ya waandishi, si ile ya tamashani. Yeye si yuko tamashani, bwana!

Nikampigia mhariri.

"Dada, acha wivu. Mwenzio yuko ukumbini, wewe uko kitandani."

Akakata. Nikamtumia ujumbe wote niliomtumia Mtalii. Hakuufungua.

"Njia ya mwongo ni fupi," mume wangu akanifariji.

"Kama ni fupi, mbona ninayechoka ni mimi?"

Mchana mwongozaji wa filamu ile akakutana na waandishi. Nikafungua kompyuta, roho inaniuma. Mtalii akasimama wa kwanza, kifua mbele.

"Mkuu, ule mlango wa mwisho ulinitoa machozi. Wazo ulilipata wapi?"

Mwongozaji akakunja uso. "Mlango gani?"

"Ule… anaoufunga mama."

"Ndugu yangu, mlango niliukata wiki iliyopita. Jana filamu imeishia kituoni, mama bado anasubiri. Wewe ulikuwemo ukumbini kweli?"

Watu walicheka mpaka kamera ikatikisika. Mtalii akakaa, akaigeuza beji tena.

Nilirusha blanketi juu. Mtoto naye akacheka, hajui hata kwa nini.

Simu ikaita. Mhariri.

"Dada… ule mlango uliuona wapi?"

"Kitandani, bosi."

Nikangoja aniombe radhi. Akakohoa tu.

"Nimesoma ujumbe wako. Jina linabadilishwa sasa hivi. Safu ni yako, ya kwanza naitaka Jumatatu."

Nilifurahi, ndiyo. Lakini ile "acha wivu" bado imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ndugu msomaji, anayeiba mboga hubeba chungu kizima, ila hajui mfupa umekaa wapi. Wewe pika tu vizuri. Utamsikia anapopaliwa.

Na wewe mwanangu, ukikua ukasoma haya, usijilaumu. Kifua chako kilinizuia safari, hakikunifumba macho.