Mlango Mmoja Usiopakwa Seramiki

Kidude kidogo kama rimoti ya king'amuzi ndicho kilichonitolea siri ya marehemu mke wangu. Miaka ishirini na sita kitanda kimoja, na mimi sikuijua.

Siandiki hapa ili mnipe pole. Pole nimepewa nyingi, hazijatengeneza hata kalavati moja.

Naitwa Rogath. Darasa la saba nilimalizia Rombo, mengine yote nimesomea Kariakoo. Nauza vitasa na bawaba mtaa wa Gerezani, jirani na hapo. Mke wangu Severa, watu wakimwita Mama Nice, alikuwa na meza ya viatu vya mtumba soko la Mchikichini.

Alikufa Aprili mwaka juzi. Presha ilimpanda asubuhi, mshipa ukapasuka kichwani. Zahanati ya kwanza, mashine ya kupimia presha mbovu. Tukaambiwa twende hospitali kubwa. Kufika Jangwani, maji yamejaa, njia imefungwa.

Akanifia begani, tumo kwenye foleni. Wakubwa wako kwenye viyoyozi vyao, wanakunywa chai.

Tangu siku ile nikisikia ving'ora vya msafara, natema mate chini.

Kilichobaki ni gari yetu. Spacio, rangi damu ya mzee. Nilikuwa naipenda gari ile mpaka watu Gerezani wakinitania kwamba nzi akitua anateleza.

Sasa, sisi Wachaga Desemba tunapanda nyumbani. Watani wetu wanasema tunaenda kuhesabiwa. Sawa, hatubishi. Ila kabla hujahesabiwa wewe, inahesabiwa gari. Ukifika na mchubuko, hata shangazi mwenye mtoto wa jicho atauona.

Mwaka huu kuna misa ya kumkumbuka Severa. Nikaitazama gari, imepauka. Barabara wanafukua, wanafukia, wanafukua tena, vumbi lote tunalipokea sisi. Nikasema hapana, naipaka seramiki, ile dawa ya kulinda rangi na kuing'arisha. Gari ya mama watoto haiendi kwenye misa yake ikiwa na sura ya majivu.

Nikaanzia kwa jamaa mmoja mwenye kimeza pale Msimbazi, chupa amezipanga kama dawa za kikohozi.

"Mshua, hii unapuliza, unafuta, umemaliza! Miaka kumi! Hata mvua ya Nuhu inateleza!"

"Wewe una muda gani kwenye hii kazi?"

"Tangu Jumatatu, mshua."

Nikamshukuru nikaondoka.

Nikaelekezwa kwa Goodluck, fundi mwenye banda lake nyuma ya soko la vipuri. Mtu mzima, mtulivu, haropoki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka seramiki ya ukweli."

"Ya ukweli ina masharti, mzee. Hii kitu ni kama kioo, inafungia kile inachokikuta. Ikikuta mkwaruzo, utabaki na mkwaruzo wako unang'aa. Kwa hiyo kwanza naosha, natoa uchafu uliong'ang'ania, naisugua rangi kwa mashine. Na kabla ya mashine napima unene wa rangi, nisije nikaitoboa."

"Pima."

Akachukua kile kidude. Boneti, mia na kumi. Mlango wa kulia, mia na kumi na tano. Paa, mia na tano. Akazunguka.

Mlango wa mbele kushoto, mia nne na themanini.

Akarudia. Ileile.

"Mzee, unene huu si wa kiwandani. Mlango huu una puti chini ya rangi. Uligongwa, ukanyooshwa, ukapigwa rangi upya."

"Acha masihara. Gari hii haijawahi kugongwa."

"Kidude hakina ugomvi na mtu, mzee."

Akagonga mlango mwingine kwa kidole: ngo, ngo. Akagonga ule: du, du. Akaufungua, akanionyesha kwa ndani chozi la rangi lililochuruzika likakauka.

"Damu ya mzee kuipatia hivi, hapa mjini ni watu wawili," akasema. "Mmoja kahamia Kigamboni. Mwingine ni Bakili."

Bakili! Fundi rangi kutoka Lindi, hatua kumi kutoka dukani kwangu. Kahawa tunakunywa benchi moja kila siku.

Nikamkuta anapiga msasa bampa.

"Mangi, karibu."

"Mlango wa Spacio yangu, ulipaka wewe?"

Akaweka msasa chini.

"Nilijua ipo siku," akasema. "Mama Nice alikuja Novemba ile ya kabla ya msiba. Wewe ulikuwa Tunduma. Aligonga nguzo ya umeme, karibu na soko lake kule. Aliniambia giza lilimjia machoni, mkono ukafa ganzi. Alipozinduka, gari imeshakumbatia nguzo."

Nikauliza, "Mlango uliharibika sana?"

Bakili akanitazama. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni.

"Ulibonyea, Mangi," akasema taratibu. "Alinisihi niumalize kabla hujarudi. Nikamwambia mama, acha mlango, kapime kwanza hicho kizunguzungu. Akasema atapima gari ikishatoka Rombo salama. Alisema umeshawatangazia ndugu zako kwamba gari yako haina hata alama ya kucha."

Kweli nilitangaza. Kwa simu, kwa sauti kubwa.

"Na wewe miaka yote hii unakunywa kahawa na mimi, kimya?"

"Aliniapisha. Na baada ya msiba ningekuambia ili iweje? Ulikuwa unatukana serikali nzima, nikaona una kazi ya kutosha."

Nikaenda Mchikichini kwa mguu. Binti yangu Nice ndiye ameshika meza ya mama yake. Nikamkuta anafunga viatu jozi jozi kwa kamba zake.

"Baba, shikamoo. Mbona saa hizi?"

Hata marahaba sikuitikia. "Mama yako aligonga nguzo akaficha."

Mikono yake ikasimama.

"Nani kakuambia?"

"Bakili. Kumbe na wewe unajua!"

"Baba, punguza sauti. Ni mlango gani ulipakwa?"

"Wa mbele kushoto."

"Mama akiendesha, siti ile alikuwa anakaa nani?"

Siti ile ni ya abiria.

Nice akapandisha mkono wa gauni. Kovu refu, kutoka kwenye kiwiko kuja chini. Nalijua kovu lile. Niliambiwa aliteleza bafuni.

"Mama ndiye alinituma niseme bafuni."

"Kwa nini? Mimi nilikuwa simba humo ndani?"

"Alisema, 'Baba yako atauliza gari kwanza.' Nikambishia, baba. Nikamwambia baba hawezi. Tulibishana mpaka nikalia." Akanitazama usoni. "Leo Bakili alipokuambia, ulianza kuuliza nini?"

Mteja akauliza bei ya sandozi. Nice akamtajia bila kuniondolea macho.

Kutoka Novemba mpaka Aprili ni miezi mitano. Miezi mitano mke wangu alitembea na kifo chake, na aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

Kesho yake nikarudi kwa Goodluck.

"Mzee, mlango ule tuutoe puti tuunyooshe upya?"

"Paka gari yote. Mlango ule usiuguse."

"Utapauka, mzee. Baada ya mwaka utaonekana kama kiraka."

"Ndivyo ninavyotaka. Shangazi akiuliza kwa nini, nitamjibu mbele ya watu wote."

Jumamosi tunapanda Rombo. Jana nilikwenda na Nice tukapime presha, yeye na mimi. Kwa taarifa yenu, mashine ya zahanati ile bado mbovu. Tukaenda kwingine.

Wakubwa bado nawalaumu. Njia ile ya Jangwani ni dhambi yao, waibebe mpaka kaburini, mimi siwapunguzii hata kilo.

Lakini wewe mwenye gari, mwenye duka, mwenye chochote unachokipangusa kila asubuhi: mtu wako akirudi nyumbani, usianze kuizunguka gari. Muulize yeye kwanza, na umuulize kwa sauti ambayo anaweza kuijibu.

Kwa sababu nyumbani kwangu aliyeogopwa hakuwa waziri.