Kitambaa Kilichopita Kila Jani

Umande haujakauka, na Shangazi amepiga magoti kati ya mistari ya nyanya. Anashika shina chini kabisa, anang'oa taratibu, analitia kwenye gunia bila kulikung'uta. Wifi yake amemshikia mdomo wa gunia. Leo wifi hakwenda kibaruani; amekuja kusaidia bila kuombwa.

Shangazi ndilo jina lake kwa vibarua wote, hata waliomzidi umri. Shamba hili dogo amelikodi ili mavuno yake yamtoe kwenye kibarua.

"Majani yalitoka madoa," anasema. "Nikapiga dawa, ikateleza. Nikarudia, ikateleza vilevile."

Bwana shamba alipofika na baiskeli yake, alichuchumaa naye akamweleza. Madoa yale ni ukungu, na vimelea vyake havikai kimoja kimoja. Hujigandisha kwenye jani, husokotana, kisha hujifunika kwa ute vinaoutoa vyenyewe. Ute huo huwa utando, na chini yake jua haliviunguzi, dawa haivifikii kirahisi.

Lakini Shangazi alikuwa ameshafanya alichokijua. Miaka yote amekuwa kibarua wa bustani ya maua ya kuuza, kazi yake kupangusa majani kwa kitambaa kibichi yang'ae. Nyanya zilipougua alizipangusa hivyo hivyo, jani kwa jani, kutoka mistari iliyougua hadi iliyo mizima, kama anayemwogesha mtoto. Kitambaa kikabeba ugonjwa shamba zima.

Bwana shamba alikiona kimeanikwa kwenye ua wa shamba, akaelewa. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyechelewa kuja.

"Afadhali angenitukana," Shangazi anasema. "Niliupeleka ugonjwa kwa mkono wangu."

Wifi anamtania kwamba hata kaka yake, mume wa Shangazi, hajawahi kusuguliwa vile tangu amwoe. Shangazi anacheka, kisha anashika shina jingine.

Wamefika mstari wa mwisho. Majani ni ya kijani, hayana doa.

"Huu tuuache, wifi?"

Shangazi analigeuza jani, analitazama sana. Bwana shamba alisema wasiache hata shina moja.

"Nao niliupangusa," anajibu, na kulishika shina chini.

Kesho atarudi bustanini kuomba arudishiwe kibarua chake. Mvua zikija atapanda mahindi hapa, ardhi ipumzike na nyanya. Akijaliwa, siku moja atazirudia.

Anakitoa kitambaa uani, anakikunja vizuri kama nguo ya kuvaliwa, anakilaza juu ya majani guniani. Wifi anafunga gunia, tayari kwa moto.