Tulivyokalia utafiti wa nyasi wa miaka miwili kule Isingiro

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hii ilinikuta mimi, sikusimuliwa. Atakayesema ni chai anywe tu, sukari ajiletee.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mratibu wa utafiti kwenye pori la akiba moja Karagwe, enzi hizo Kyerwa haijawa wilaya, bado iko humo humo. Cheo kizito, usafiri baiskeli.

Nilikuwa na watafiti watatu: wa ndege, wa maji na wa nyasi. Kazi yangu nihakikishe hawagombanii gari, na majibu yao yamfikie mkuu wa pori yakiwa yanaeleweka. Maana mtu wa ndege ukimwachia, anaandika kurasa arobaini na mkuu hajui kesho afanye nini.

Mkuu alikuwa na swali moja tu. Akina mama wa kijiji jirani cha Isingiro waendelee kuingia porini kukata nyasi, au awafungie? Waliokuwa juu yake walitaka wafungiwe. Jibu alikuwa nalo Daktari wa nyasi (wa shahada, siyo wa sindano).

Huyu bwana alizungushia waya viploti sita vya majaribio, kila kimoja na kibati cha namba. Waya niliubeba mimi kutoka Nkwenda. Ng'ombe haingii, swala haingii, yeye anapima nyasi kwa rula. Miaka miwili, wakuu. Mimi mzaliwa wa Igurwa, huko huko Karagwe, nyasi nilizijua kwa kulalia.

Ikabaki wiki moja apime mara ya mwisho. Mkuu akataka kikao kijijini, watafiti wote wawepo. Nikamwandikia Ma Kemilembe, kiongozi wa akina mama, kwamba wageni wakubwa wanakuja kwake na wapokelewe kwa heshima zote.

Sasa kwetu mgeni wa heshima anatandikiwa nyasi mbichi sakafuni. Tulizikuta nene, laini, zinanukia. Mkuu akavua viatu. Ndizi zikaja, rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ikaja, hata Daktari akajinyoosha na kuzisifia.

Halafu akapeleka mkono chini ya paja, kuna kitu kinamchoma.

Kibati. Namba nne.

Akapapasa tena, akatoa namba mbili. Rubisi ikanipalia.

Mkuu akauliza taratibu ni nani aliyeingia kwenye waya. Hapo nikajua kijiji kizima kitanyimwa nyasi kwa sababu ya barua yangu. Nilisikia aibu hadi masikio yakawaka.

"Waitu mkuu, ni mimi," Ma Kemilembe akasema. "Mgeni hakanyagi udongo mtupu. Na nyasi nzuri zilikuwa mle mlimotutunzia."

Nikaona nisipofungua mdomo sasa sitaufungua tena. Nikasema barua niliiandika mimi, na tangu waya ufike sijawahi kumwambia mama hata mmoja ni wa nini. Wasomi watatu nimewaratibu, wenye nyasi nimewasahau.

Mkuu akamgeukia mama, akamuuliza ukizikata zinarudi lini.

Kumbe swali hilo mama yule hakuwahi kuulizwa. Akaeleza kwamba ukikata kabla ya vuli ukabakiza urefu wa kiganja, zinarudi zote. Zikikanyagwa na ng'ombe yanaota magugu. Na bonde la chini wao wenyewe huliacha mwaka mzima lipumzike, bila kuambiwa na mtu. Daktari, na hasira zake, akatoa daftari.

Ruhusa ilibaki. Walikata kwa zamu, kwa utaratibu wa mama.

Daktari alianza viploti upya, mlinzi akiwa Ma Kemilembe. Mimi hakunisalimia hadi anahama, na namwelewa.

Ripoti ilipotoka nilitafuta jina la mama. Nikakuta "mkazi mmoja wa eneo hilo". Nikachukua kalamu, nikaandika Kemilembe pembeni kwenye nakala yangu. Katika miaka yote ya cheo kile, ndiyo kazi ya uratibu ninayojivunia.

Funzo: kabla ya kuweka waya, piga hodi kwanza.

Mliofanya kazi za mapori, nyie mlikalia utafiti wa nani? Matusi ruksa, ila yawe na adabu.