Majibu ya Tonton

Nilirudi Kisangani na diploma niliyoitafuta ugenini kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenilipia hata daftari. Ndiyo maana wafadhili walipotaka kiongozi wa utafiti juu ya maradhi ya akili, walinichukua mimi. Maswali yote niliandika mwenyewe, na yalikuwa mazuri.

Wafadhili walitaka pia mtu aliyewahi kuugua awe mmoja wetu. Akaja mama mmoja wa familia za wavuvi wa maporomoko ya mto, aliyewahi kufungwa kamba katika chumba cha maombi. Nilimpa kazi ya kupanga karatasi.

Msimu mzima wa mvua nilizunguka mtaa wa Simi-Simi juu ya toleka, zile baiskeli za abiria, matope hadi magotini. Kila nyumba nilipewa kiti na maji, na papa wa nyumba, baba mwenye mji, akaketi ubavuni mwa mgonjwa. Kumwambia atoke ni kumtukana. Majibu yalikuwa safi: analala vizuri, anakula, haogopi mtu.

Siku ya kufunga mafaili yule mama alisoma, akacheka.

"Papa Diplome, wagonjwa wote wamepona? Alors, sisi tunatafuta nini?"

"Ndivyo walivyojibu."

"Nani alijibu? Wakati nilikuwa mugonjwa, tonton yangu, mjomba, ndiye alikuwa anajibu. Na ni yeye mwenye alinifunga kamba. Ningesema nini mbele yake?"

Kama ningekubali neno lake, kazi ya msimu mzima ingekuwa takataka. Nilimwambia apange karatasi. Kesho yake, nimechoka hata kubisha, nilimfuata hadi nyumba ya kwanza kwenye orodha.

Hakungoja kiti. Alipita moja kwa moja uani, ambako msichana mgonjwa alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Papa wa nyumba alitufuata, akaona ni kazi ya wanawake, akarudi sebuleni. Mimi nilipewa kigoda na fungu la majani.

"Chambua, papa. Usimuangalie mutoto wa watu machoni."

Tulichambua hadi mgongo ukaniuma. Ndipo msichana akasema, bila kuulizwa:

"Mimi silali, mama. Nikilala watanifunga tena."

"Naweza kuandika?" yule mama alimuuliza.

"Andika."

Karatasi yangu ya nyumba ile ilisema analala vizuri.

Jioni niliwaandikia wafadhili kwamba karatasi zote zitupwe, na kuanzia sasa yule mama ndiye atakayeuliza. Nilitia sahihi yangu, vidole bado vya kijani. Maswali yenyewe sikuyabadilisha. Yalikuwa mazuri.